Kutunza Mabasi ya Mji: Mafunzo ya Karakana ya Aldenham

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya karakana ya mabasi ni kungoja basi liharibike, kulivuta hata ndani, kulitengeneza na kulirudisha barabarani. Shirika linaloendesha karakana yake kwa namna hiyo haliyatawali mabasi yake. Mabasi ndiyo yanayolitawala. Basi lenyewe ndilo linalochagua siku ya kusimama na mahali pa kusimama, na mara nyingi huchagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, penye mteremko, likiwa limejaa watu waendao kazini. Kibarua aliyemo ndani hukatwa mshahara wake, mgonjwa hukosa zamu yake hospitali, na ikiwa kilichoharibika ni breki, huenda mambo yakawa mabaya kuliko hayo.

Somo hili laeleza jinsi shirika la usafiri wa umma linavyoweza kuichagua siku hiyo lenyewe, kabla basi halijaichagua. Mfano mkubwa umechukuliwa katika mji wa London, ambako kwa muda wa miaka 65, toka mwaka wa 1921 hata 1986, kazi hii ilifanywa kwa utaratibu uliosifiwa na mafundi wa nchi nyingi, kisha utaratibu huo ukaanguka. Kuanguka kwake kwafundisha sawasawa na kustawi kwake.

Kwanza yafaa ieleweke jinsi gari linavyochakaa. Vitu vingine huliwa na mwendo, yaani kwa maili au kilometa: tairi, lainingi za breki, klachi, nozeli za dizeli, na mafuta ya injini ambayo hupoteza nguvu yake na kukusanya vumbi la chuma. Vitu vingine huliwa na siku tu, hata gari likiwa limelala: betri, mipira, na bati linaloshikwa na kutu. Na vingine huliwa na kazi yenyewe. Basi la mji husimama na kuondoka mara mamia kwa siku moja. Kwa hiyo breki zake, milango yake na giaboksi yake huteseka kuliko za basi liendalo safari ndefu, ijapokuwa maili zake ni chache. Fundi mkuu anayepanga matengenezo kwa kutazama maili peke yake, bila kutazama njia ambayo basi lapita, atakuwa na hesabu nzuri na breki mbaya.

Basi la njia ya milima halifai kungoja zamu moja na basi la njia ya tambarare.

Kwa sababu hiyo matengenezo hupangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ya kila siku: maji katika rejeta, oili, hewa katika tairi, taa, milango, na breki kujaribiwa kabla gari halijatoka uwanjani. Ngazi ya pili huja baada ya maili kadhaa zilizowekwa na mtengenezaji na kusahihishwa na wenye kulitumia gari. Hapo basi huingia juu ya shimo, hupakwa grisi, hubadilishwa oili na vichujio, na kila nati ya usukani na ya magurudumu hukazwa na kutiwa alama. Ngazi ya tatu ni kubwa zaidi, na breki hufunguliwa na kupimwa. Ngazi ya mwisho ni ile ambayo basi hufumuliwa lote na kuundwa upya. Hakuna uchawi katika jambo hili. Ugumu wake wote umo katika neno moja, nalo ni kulitoa basi zima barabarani siku ile ambayo bado laenda vizuri.

Hapo ndipo fundi mkuu hugombana na msimamizi wa safari, na ugomvi huo ni wa haki pande zote mbili. Tuseme shirika lina mabasi 100, na ratiba yataka mabasi 80 asubuhi. Katika yale 20 yaliyosalia, 12 yamo karakanani kwa zamu yao, na 8 ni ya akiba kwa ajali na mambo ya ghafula. Sasa watu wa mji huongezeka, magazeti hulalamika, na msimamizi wa safari huomba mabasi 90. Fundi mkuu hutoa. Haiwezekani asitoe, maana mabasi yaonekana uwanjani na yawaka. Mwezi wa kwanza abiria hufurahi. Lakini zamu za karakana zimepunguzwa kuwa nusu, na yale ambayo hayakuingia kwa zamu huanza kuingia kwa kamba, yakivutwa. Mafundi walioajiriwa kwa kazi ya mpango sasa hukimbia huku na huku barabarani na visanduku vya spana. Baada ya mwaka mmoja ratiba ya mabasi 90 haipati hata 70, na wakubwa wa shirika huandika barua ya kuomba fedha za kununua mabasi mapya.

Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini njia yake imepitwa na mashirika mengi. Ndiyo sababu katika Marekani serikali kuu, ambayo husaidia miji kununua mabasi, huyapima mashirika kwa hesabu mbili. Shirika lenye mabasi 50 au zaidi kazini halitakiwi kuweka akiba ya zaidi ya asilimia 20, lisije likanunua mabasi ya kulala. Tena asilimia 80 ya ukaguzi wa zamu yapasa ifanywe kwa wakati wake. Basi kubwa lililonunuliwa kwa fedha hizo hutazamiwa kufanya kazi miaka 12 au maili 500,000. Msomaji ataona kwamba hesabu hizi zafungana: akiba si ruhusa ya uvivu, ni nafasi ambayo ndani yake kazi ya zamu hufanyika, nayo ikiliwa na ratiba, ukaguzi hauna mahali.

Sasa tuje London. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mabasi ya injini yalipoanza kuwafukuza farasi, makampuni mengi yalishindana huko, kila moja likinunua magari ya mtengenezaji wake. Mwaka wa 1908 makampuni matatu makubwa yaliungana chini ya jina la London General Omnibus Company, na kampuni hiyo mpya ikajikuta na mabasi ya aina nyingi yasiyofanana kwa chochote. Pistoni ya hili haikuingia katika lile. Kila gereji iliweka stoo iliyojaa vyuma, na bado chuma kilichotakiwa kilikuwa hakipo. Dawa yake ilikuwa basi lililoitwa B-type, lililotolewa mwaka wa 1910. Frank Searle, mhandisi mkuu wa kampuni, alilichora kwa kuchagua mambo mema aliyoyaona katika magari yaliyokuwa yakimsumbua, wala hakulionea haya jambo hilo. Yakaundwa kwa maelfu, kila moja sawa na mwenzake. Vita Kuu ya 1914 ilipokuja, mamia yalichukuliwa Ufaransa kubeba askari, na hapo kufanana kwake kulikuwa na faida isiyohitaji kuelezwa kwa fundi aliye matopeni mbali na stoo.

Katika London ya siku zile polisi ndio waliotoa leseni za mabasi, na kila basi lilipaswa kupimwa upya kila mwaka. Sharti hilo liliudhi makampuni, lakini hapana shaka liliyafundisha adabu ya kalenda: kila basi lilikuwa na siku yake, na siku hiyo haikuahirishwa kwa sababu abiria ni wengi. Mwanzoni kila gereji ilifanya kazi hiyo yenyewe, kwa mafundi wake, katika kona yake. Mwaka wa 1921 kampuni ikafungua karakana moja kubwa mahali paitwapo Chiswick, magharibi ya mji, ili mabasi yote yaletwe huko. Ndani yake gari halikukaa mahali pamoja likingoja mafundi; lilisogezwa kutoka kundi moja la mafundi hata lingine, na kila kundi likafanya sehemu yake. Bodi ilikwenda upande mmoja, chasisi upande mwingine, injini upande wa tatu, vikakutana mwishoni. Wala injini iliyotoka katika basi haikungojewa. Iliyokuwa tayari rafuni ndiyo iliyofungwa, na ile mbovu ikatengenezwa kwa nafasi yake na kuwekwa rafuni kwa ajili ya basi jingine. Hili ni jambo la kushikwa na kila mwenye gereji, hata mwenye mabasi kumi: gari lisifungiwe ndani kwa ajili ya ugonjwa wa kiungo kimoja ambacho chaweza kutolewa kwa nusu siku.

Mwaka wa 1933 mabasi, tramu na reli za chini ya ardhi za London ziliwekwa chini ya shirika moja la umma. Shirika hilo ndilo lililotoa, mwaka wa 1939, basi la ghorofa lililoitwa RT. Vita ikakatiza kazi, lakini toka mwisho wa vita hata 1954 mabasi ya ukoo huo yalitengenezwa mpaka yakafikia karibu 7,000. Mengi yalikuwa na chasisi za AEC, mengine za Leyland, na bodi zake ziliundwa na viwanda mbalimbali. Hata hivyo bodi zile ziliundwa juu ya vipimo vya namna moja, kwa usahihi uliozoeleka zaidi katika viwanda vya ndege kuliko vya magari, ili bodi iliyotolewa juu ya chasisi moja ikae juu ya nyingine bila kukatwa wala kugongwa nyundo. Wakati wa vita shirika hilo lilikuwa limesaidia kutengeneza ndege za kutupa mabomu za aina ya Halifax, na wahandisi wake hawakuyasahau waliyojifunza huko.

Tena jengo lenyewe lilitoka katika kazi hiyo. Kaskazini ya mji, karibu na Elstree, palijengwa banda kubwa la kuwekea treni za njia ya reli iliyokusudiwa kusogezwa mbele. Vita ikaligeuza kuwa kiwanda cha sehemu za ndege. Baada ya vita njia ile haikujengwa kamwe, na banda likabaki bila kazi, hata likageuzwa tena kuwa karakana ya mabasi iitwayo Aldenham, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 1956. Chiswick ikabaki na injini, giaboksi na vyuma vingine vya namna hiyo. Aldenham ikachukua bodi na chasisi.

Basi lilipofika Aldenham lilikaguliwa, bodi ikafunguliwa na kunyanyuliwa kwa kreni iliyopita juu katika dari. Chasisi iliondoka peke yake kwenda kuoshwa na kufumuliwa. Bodi iliwekwa ndani ya fremu kubwa ya chuma iliyoweza kuipindua ubavu, ikapinduliwa yote na tumbo lake likaoshwa matope na grisi ya miaka kadhaa, kazi ambayo katika gereji ya kawaida hufanywa na mtu aliyelala chali huku maji machafu yakimwingia machoni. Kisha ikasogezwa toka kwa mafundi wa bati hata kwa mafundi wa mbao, wa viti, wa umeme na wa rangi. Watu waliotazama filamu ya Cliff Richard iitwayo Summer Holiday, ya mwaka 1963, waliyaona mabanda hayo mwanzoni mwake, maana sehemu hiyo ilipigwa picha humo humo.

Jambo lililowashangaza wageni zaidi lilikuwa la namba. Basi lililoingia asubuhi lilivuliwa namba yake siku ile ile, na namba hiyo, pamoja na leseni yake, ikavishwa basi jingine lililokwisha kutengenezwa na kupakwa rangi. Gereji iliyopeleka basi namba fulani ikarudishiwa basi lenye namba ile ile baada ya muda mfupi sana. Lakini bodi ilikuwa nyingine, na chasisi nyingine, na injini nyingine. Lile lililoletwa likaendelea na matengenezo yake kwa majuma kadhaa bila jina, likingoja kurithi namba ya mwenzake. Kwa njia hiyo shirika halikulipia leseni ya basi lililolala karakanani, na gereji hazikukosa mabasi kwa muda mrefu. Yalitosha mabasi machache ya ziada kuuendesha mzunguko wote.

Lakini ni lazima kuelewa gharama ya uzuri huo. Kwa mabasi 7,000, likija kila moja mara moja katika miaka minne, karakana yapaswa kutoa mabasi 1,750 kwa mwaka, yaani kama 34 kila juma, bila kukosa. Banda lenye watu zaidi ya elfu moja haliwezi kulishwa mabasi 34 juma hili na 12 juma lijalo. Tena kila kitu kilisimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba mabasi yote ni sawa. Bodi ikikataa kukaa juu ya chasisi ya mwenzake, namba haziwezi kubadilishwa. Namba zisipobadilishwa, basi hukaa majuma. Basi likikaa majuma, akiba kubwa hutakiwa. Nguzo hiyo haikuwa ndani ya karakana. Ilikuwa katika ofisi ya wanunuzi.

Basi lililofuata RT liliitwa Routemaster. La kwanza lilionyeshwa mwaka wa 1954, na yalitengenezwa 2,876 mpaka mwaka wa 1968. Halikuwa na chasisi ya kawaida. Bodi yake ya alumini ilijibeba yenyewe, na injini na mhimili wa nyuma vilifungwa katika fremu ndogo mbili zilizoweza kutolewa chini yake. Waliolichora walikuwa watu wa shirika lenyewe, chini ya A. A. M. Durrant, nao walilichora wakijua jinsi litakavyofumuliwa Aldenham. Kwa hiyo lilipofika huko lilifumuka kama lilivyokusudiwa. Mabasi hayo yalidumu katika kazi ya kawaida hata tarehe 9 Desemba, 2005, miaka mingi kupita ile waliyoitazamia wenye kuyaunda.

Kisha mambo yakageuka. Watu wa kufanya kazi ya ukondakta walikuwa wachache katika London, mishahara ilipanda, na mashirika yakataka mabasi ambayo dereva mwenyewe hupokea nauli mlangoni. Serikali ya Uingereza nayo, kwa sheria ya usafiri ya mwaka 1968, ilianza kuyasaidia mashirika kwa fedha ili yanunue mabasi mapya ya aina zilizokubaliwa. Msaada huo ulikuwa mwema, lakini ulikuwa na upande wake. London iliacha kujiundia basi lake, ikanunua basi la kiwandani la aina ya Fleetline, lenye injini nyuma, likaitwa DMS. Lilianza kazi mwanzoni mwa mwaka 1971, na kwa jumla yalinunuliwa zaidi ya 2,600.

Basi hilo halikuwa baya. Hilo yafaa lisemwe, maana wengi walilitukana. Lakini liliundwa kwa ajili ya mashirika ya miji mingine, ambayo huweka basi moja katika gereji moja na kulitunza humo mpaka mwisho wake. Halikuumbwa ili bodi na chasisi vitenganishwe upesi na kuunganishwa na vya mwenzake. Kupelekwa Aldenham kulilipotezea siku nyingi badala ya kulipunguzia. Gereji nazo zilikuwa zimezoea kupeleka kazi ngumu karakana kuu na kufunga vyuma vilivyokuja tayari. Sasa zilitakiwa kuponya ugonjwa wa injini iliyofichwa nyuma ndani ya sanduku, yenye kushika joto, na vipuri vyake vilichelewa kutoka viwandani, kwani miaka hiyo viwanda vya Uingereza vilikuwa na taabu zake. Mabasi yakalala kwa wingi. Ilipofika mwaka wa 1979 shirika lilianza kuyaondoa, mengine yakiwa hayajatimiza miaka kumi, huku Routemaster yaliyoyatangulia yakiendelea na kazi. Waliouziwa, katika miji mingine ya Uingereza na hata Hong Kong, waliyatumia kwa miaka na kupata faida. Gari lile lile, chini ya utaratibu mwingine wa matengenezo, lilikuwa gari jingine.

Aldenham haikuweza kuishi baada ya hayo. Mabasi ya namna ya RT yalikwisha mwaka wa 1979, Routemaster peke yake hazikutosha kulijaza banda, na mwaka wa 1985 njia za London zilianza kutolewa kwa zabuni, kila mshindani akiwa na mabasi yake na gereji yake. Karakana ilifungwa Novemba 1986, na miaka kadhaa baadaye majengo yakabomolewa.

Huenda msomaji wa Mombasa au Dodoma akauliza haya yanamhusu nini, maana hakuna mji wa Afrika ya Mashariki uliowahi kuwa na mabasi 7,000 ya rangi moja. Jawabu ni kwamba nguzo iliyovunjika London imevunjika huku pia, kwa sababu nyingine. Mwaka wa 1974 Shirika la Usafiri Dar es Salaam, linalojulikana kwa jina la UDA, liliundwa ili libebe watu wa mji ule. Miongoni mwa mabasi yake watu wazima hawajayasahau yale marefu ya Ikarus kutoka Hungary, yenye kiungo katikati, yaliyoitwa kumbakumba kwa jinsi yalivyokusanya kila aliyekuwa kituoni. Mji ulikuwa ukikua upesi, nauli iliwekwa chini kwa makusudi mema, na karakana haikuwa na la kufanya pale fedha za kigeni zilipoadimika. Chuma cha shilingi chache kilihitaji kibali, na kibali kilihitaji dola. Basi likakosa pampu, likaegeshwa. La pili likakosa kioo, likachukuliwa cha lile la kwanza. La tatu likachukua tairi. Mafundi waliofanya hivyo hawakuwa wavivu. Walikuwa werevu kupita kiasi, na kwa werevu huo mabasi mengine yalitoka asubuhi. Lakini lile la kwanza halikuamka tena. Mwaka wa 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini, na kwa nauli yake ya shilingi tano, waliyoifananisha na dola moja, yakaitwa daladala.

Fundi anayeng'oa kipuri katika basi lililolala hana budi kuandika. Hili ni jambo dogo lisilohitaji dola. Kadi ya basi lililovuliwa yapasa ionyeshe kilichotolewa, tarehe, na basi lililokipokea, ili siku vipuri vitakapofika karani wa stoo ajue lipi laweza kuamshwa kwa gharama ndogo. Mahali pasipo kadi, baada ya miezi sita hapana ajuaye basi lile lakosa nini, na mwisho lote huuzwa kama chuma chakavu.

Kadi ya dereva ni muhimu kama hiyo, na hudharauliwa kuliko hiyo. Dereva ndiye wa kwanza kuusikia ugonjwa: usukani unaovuta kushoto, kanyagio la breki linaloshuka kidogo zaidi ya jana, harufu ya mpira mlimani. Katika gereji yenye utaratibu huandika jioni kabla hajaondoka, na fundi wa usiku hujibu kwa mkono wake chini ya maneno yale yale, ama kwamba ametengeneza, ama kwamba ametazama na hakuona kosa, ama kwamba basi lisitoke. Majibu ni lazima yawepo. Dereva akiandika mara tatu juu ya breki bila kujibiwa, mara ya nne haandiki. Naye fundi mkuu hukaa mezani akifurahia kadi zisizo na malalamiko. Kadhalika asiadhibiwe dereva aliyekataa kulitoa basi bovu, kwa maana siku atakayoogopa kukataa, abiria ndio watakaojua.

Dar es Salaam yenyewe ilianza tena kwa njia nyingine. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kupita katika barabara zake yenyewe kutoka Kimara, yakiwa 140, mengine ya mita 12 na mengine ya mita 18 yenye kiungo. Wengi walitazama vituo na barabara, navyo vilistahili kutazamwa. Wachache walitazama mahali palipojengwa gereji, nako ni Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Mvua za masika zilipozidi, kama mwaka wa 2018, maji ya bonde yaliingia uwanjani, na mabasi yakaharibiwa yakiwa yameegeshwa, wala hayakuwa na dereva wa kulaumiwa. Injini iliyomezeshwa maji ya matope haina zamu katika kitabu chochote.

Kwa hiyo sauti ya fundi mkuu yatakiwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi, si siku ya kupokea funguo. Maswali yake si ya kupendeza kama rangi ya basi. Je, giaboksi hutolewa kwa saa ngapi, na ni lazima kufungua nini kwanza? Vichujio vyake vyapatikana Nairobi, au ni vya kiwanda kimoja tu ng'ambo? Mtengenezaji atauza vitabu na vyombo vya kupimia mitambo ya kompyuta, au atavificha ili aitwe kila mara? Maswali hayo hayakufutwa na mabasi ya umeme, ambayo tangu 2022 yameonekana katika barabara za Nairobi. Basi la namna hiyo halina oili ya injini wala nozeli, lakini lina tairi, usukani, milango na breki, na betri yake ina uzito na thamani ambayo hakuna gereji ya zamani iliyoizoea. Na shimo la karakana lazima lipimwe kwa kamba. Lililochimbwa kwa basi la mita 12 halitapokea lote la mita 18, na kiungo chake, ambacho ndicho kitakiwacho kutazamwa mara nyingi, kitabaki juu ya saruji mahali ambapo fundi hawezi kuingia chini yake.